Hiki, hicho na kile: kuitegua hadithi ya gemu la watu wawili

Kaa nusu saa na watu wanaolipenda gemu la Portal 2 na utamsikia mmoja akisema Chell, mwanamke tunayemchezesha, ni mtoto wa Caroline, anayesikika katika rekodi za zamani za gemu, tena kwa uhakika kana kwamba alikuwepo siku anazaliwa. Mwingine ataruka: uongo mtupu, gemu halijasema hivyo popote. Wa tatu atadai kwamba kati ya gemu la kwanza na la pili imepita miaka 27,000 na ushei, na hesabu anayo. Mgeni anayewasikiliza huondoka na swali moja la haki kabisa: sasa hapa kipi kimo ndani ya gemu, na kipi watu wamejitungia?

Nimeulizwa swali hilo mara nyingi, na siwalaumu wanaouliza. Mkanganyiko huu hautokani na uvivu wa wachezaji. Unatokana na jinsi magemu ya aina hii yanavyosimulia hadithi, na ukishaielewa namna hiyo, mabishano mengi yanapungua makali. Natahadharisha mapema: nitamwaga mtama wote, mwisho ukiwemo. Kama unapanga kulicheza, ishia hapa, kalicheze, kisha urudi.

Tuanze na maneno yenyewe. Gemu la mafumbo ni lile ambalo kinachokuzuia ni kutokujua, si adui wala wepesi wa vidole. Mlango umefungwa, vitu vya kuufungulia vimo humo humo chumbani, na kazi yako ni kuona vinahusiana vipi. Likiwa la ushirikiano, fumbo limekatwa vipande viwili na kila mchezaji kapewa chake. Wengi hudhani maana yake ni kazi kupungua nusu. Sivyo. Fikiria kitanda kinachopitishwa mlangoni: mmoja kashika huku, mwingine kule, na anayetembea kinyumenyume haoni anakokwenda mpaka mwenzake amwambie. Hakuna anayeweza kukipitisha peke yake hata akiwa na nguvu mara mbili.

Magemu hukata fumbo kwa njia tofauti. Katika Keep Talking and Nobody Explodes, lililotoka 2015, mmoja anaona bomu lakini hajui namna ya kulitegua. Wenzake wana kitabu cha maelekezo lakini hawalioni bomu. Katika We Were Here, la 2017 kutoka Uholanzi, wachezaji wawili wametenganishwa ndani ya kasri na wana redio za mkononi tu za kuambiana wanachokiona. Portal 2, iliyotolewa na kampuni ya Valve mwaka 2011, inawaweka wote wawili chumba kimoja mara nyingi, wakionana, na bado inafanikiwa kuwafanya wasielewane.

Kifaa chake kikuu ni bunduki isiyopiga risasi. Inafungua tundu. Piga ukuta mmoja, litokee tundu la kwanza. Piga ukuta mwingine, litokee la pili. Sasa matundu hayo mawili ni mlango mmoja. Ni kama mkono wa shati uliofupishwa hadi ukaisha urefu: ukiingiza mkono huku, vidole vimeshatokea kule. Na kasi haipotei. Ukidondoka kutoka juu ukaingia tundu la sakafuni, unatoka kwenye tundu la ukutani kwa kasi ileile, umerushwa kama jiwe la manati. Kwa mchezaji mmoja hayo ni matundu mawili. Katika sehemu ya watu wawili mnacheza kama roboti, Atlas mwenye jicho la buluu na P-body mwenye jicho la chungwa, kila mmoja na bunduki yake, kwa hiyo matundu ni manne. Idadi ya njia za kukosea haiongezeki mara mbili tu. Inafumuka.

Hapo ndipo lugha inapoingia, na kwangu mimi hapo ndipo uhondo wote ulipo.

Nililicheza na mdogo wangu, kila mtu mbele ya skrini yake, tumevaa vipokea sauti vyenye maikrofoni. Jioni ya kwanza tulikwama karibu saa nzima kwenye chumba chenye daraja la mwanga na kitufe kizito cha sakafuni. Nikamwambia, "Piga tundu kulia." Akapiga kulia kwake. Tulikuwa tunatazamana. Nikamwambia, "Siyo hapo, pale!" Akauliza, "Pale wapi, dada?" Mimi nikawa nanyoosha kidole mbele ya skrini yangu mwenyewe, kidole ambacho yeye hawezi kukiona. Tulikaribia kutoa mji. Kilichotuokoa ni maneno matatu tuliyojifunza tangu utotoni bila kujua thamani yake: hiki, hicho na kile. Hiki kilicho karibu nami. Hicho kilicho karibu nawe. Kile kilicho mbali na sisi sote. Aliposema, "Dada, kanyaga hicho," sikuhitaji maelezo zaidi. Ni kitufe kilicho miguuni pangu. Watengenezaji nao walilijua tatizo hili, ndiyo maana waliweka ishara ya kumwekea mwenzako alama ukutani na nyingine ya kuhesabu sekunde kurudi nyuma ili mtende jambo kwa pamoja. Lakini alama haisemi "kwa nini". Hilo mnalizungumza.

Mara baada ya hapo mdogo wangu akakiacha kitufe chake ili aje kuona nilichokuwa nakiona. Daraja likazimika chini ya miguu yangu, roboti wangu akadondoka kwenye maji ya sumu. "Samahani dada, nilitaka kuona." Sekunde chache baadaye nikatoka kwenye bomba, mzima, nimeundwa upya. Tulicheka. Kisha akauliza swali lililotupeleka mbali: "Kama tukifa tunaundwa upya, huyu anayetupima anapata nini?" Swali zuri kuliko alivyojua. Nitalirudia.

Sasa neno la pili linalohitaji kunyooshwa: nadharia. Katika mazungumzo ya wachezaji, nadharia ya hadithi ni maelezo yanayounganisha vitu ambavyo gemu limevionyesha bila kuviunganisha lenyewe. Si uvumi, maana uvumi hauhitaji ushahidi. Si hadithi rasmi pia, yaani kile ambacho watengenezaji wamekiweka wazi ndani ya gemu au katika kazi yao nyingine. Nadharia inasimama katikati. Ugomvi mwingi huzuka kwa sababu mtu amelichukua jambo la katikati akaliweka upande mmoja kwa nguvu.

Kwa nini magemu ya mafumbo yanazaa nadharia nyingi hivi? Kwa sababu hadithi yake haisomwi, inaokotwa. Huwezi kumsimamisha mchezaji anayefikiri ili umsomee kurasa kumi. Kwa hiyo hadithi inaandikwa ukutani, nyuma ya vigae vilivyovunjika, kwenye rekodi inayosikika wakati unatafuta njia ya kupanda juu. Katika ulimwengu wa Portal kuna mwanasayansi, Doug Rattmann, aliyejificha nyuma ya kuta za vyumba vya majaribio na kuzichora. Nyingi ya picha hizo unaweza kuzipita usizione. Na mkicheza wawili, mmoja huwa anakimbilia mlango wakati mwingine anachungulia pembeni. Mnamaliza chumba kimoja mkiwa mmeona hadithi mbili.

Basi hapa maneno yetu matatu yanafaa tena. Mimi hupanga ushahidi hivi. Hiki: kitu kilichopo mbele yangu kwenye skrini, ninachoweza kukirudia na kukitazama. Hicho: kitu ninachoambiwa na mhusika wa ndani ya gemu, kiko mkononi mwake, na uaminifu wake unategemea uaminifu wa msemaji. Kile: kitu kilicho nje kabisa, maneno ya mashabiki, faili lililokatwa kabla gemu halijatoka, mahojiano aliyoyasikia mtu akamsimulia mtu. Vyote vitatu vinaweza kuwa na ukweli ndani yake, ila havina uzito sawa, na nadharia mbovu karibu zote zimejengwa kwa kukipa kile uzito wa hiki.

Tuchukue jambo lililo gumu kidogo: Caroline ni nani?

Mpinzani wa mwanzo wa gemu ni GLaDOS, kompyuta yenye sauti ya kike inayoendesha maabara za Aperture Science na kuwatumia binadamu kama panya wa majaribio. Katikati ya Portal 2, Chell, mwanamke tunayemchezesha katika sehemu ya mchezaji mmoja, anaangushwa hadi chini kabisa ya maabara, kwenye vyumba vya kale vya miaka ya 1950, 1970 na 1980. Kadiri unavyopanda ndivyo miaka inavyosogea, na njiani unasikia rekodi za mwanzilishi, Cave Johnson. Mwanzoni ana sauti ya mtu mwenye dunia mkononi. Mwishoni anakohoa. Katika rekodi ya zamani kabisa anasikika pia msaidizi wake, Caroline. Na katika rekodi ya mwisho Johnson anatoa agizo: akifa kabla mafundi hawajaweza kumhamishia ndani ya kompyuta, Caroline ndiye atakayeliongoza shirika, naye awekwe ndani ya kompyuta hata akikataa.

Wakati huo GLaDOS yuko nawe, amepunguzwa hadi kuwa kifaa kidogo kinachoendeshwa kwa umeme wa kiazi. Anaposikia sauti ya Johnson anaitikia kwa utiifu kabla hajajijua, kisha anashtuka mwenyewe. Siku nilipoisikia hiyo mara ya kwanza niliachia vitufe vyote.

Kwamba GLaDOS ameundwa kutokana na Caroline, hiyo si nadharia tena. Gemu limelisema. Lakini angalia watu wanavyolithibitisha: wengi husema, "Sauti ni moja, mwigizaji ni mmoja." Ni kweli kwamba Ellen McLain ndiye aliyewapa sauti wote wawili. Ila McLain huyohuyo ndiye sauti ya vile vibunduki vyeupe vya miguu mitatu vinavyolinda maabara. Kama sauti moja ingekuwa ushahidi wa nafsi moja, basi kila kibunduki kingekuwa Caroline. Jibu ni sahihi, njia ya kulifikia ni mbovu, na njia mbovu itakupoteza kwenye fumbo linalofuata. Ushahidi wenye nguvu ni lile agizo la Johnson pamoja na mshtuko wa GLaDOS.

Linalobaki wazi ni je, Caroline bado yumo? Mwishoni GLaDOS anamwambia Chell kwamba amegundua mahali Caroline anapoishi ndani ya ubongo wake, na sauti ya mfumo inatangaza kuwa amefutwa. Wengi hufunga kesi hapo. Mimi siifungi. Tangazo linatoka kwenye mitambo anayoimiliki GLaDOS mwenyewe, kwa hiyo ni "hicho" cha msemaji aliyetudanganya tangu gemu la kwanza. Sekunde chache baadaye anafanya jambo ambalo GLaDOS wa zamani asingelifanya: anamwachia Chell aende zake, akiwa hai. Halafu majina ya watengenezaji yanapita huku GLaDOS akiimba, na ndani ya wimbo anamtaja Caroline kama mtu ambaye bado yumo humo ndani pamoja naye. Kwa hesabu yangu, upande wa "bado yumo" una uzito zaidi. Lakini siapi. Anayesema amefutwa ana tangazo mkononi, nami siwezi kulipuuza, ila namwuliza aelezee wimbo.

Sasa ile ya Chell kuwa mtoto wa Caroline, pengine hata wa Caroline na Johnson. Msingi wake upo. Katika sehemu iliyochakaa ya maabara kuna ukumbi wa maonyesho ya sayansi ya watoto, yale ya betri za viazi, masalia ya siku ambayo wafanyakazi walikuja kazini na mabinti zao. Kiazi kimoja kimekua kupita kiasi, mizizi na majani vimetambaa hadi darini, na ubao wake una jina la Chell. Hiki, kabisa. Nenda, simama mbele yake, soma. Kisha mwishoni, lifti inapompandisha Chell kwenye mwanga, vibunduki vinamwimbia kwa Kiitaliano, na katika maneno hayo anaitwa mtoto wangu. Ukiviweka viwili hivi pamoja, moyo unaruka moja kwa moja kwenye hitimisho, na naelewa kwa nini.

Ila tazama kila kimoja kinabeba nini hasa. Ubao unathibitisha kwamba Chell alikuwepo pale utotoni, na kwamba mzazi au mlezi wake yaelekea alikuwa mfanyakazi. Ukumbi una mbao za watoto wengine. Hakuna anayesema wote ni watoto wa Caroline. Wimbo unamwita mtoto wangu, na hilo ni jina la mapenzi ambalo mtu huweza kumwita asiyemzaa. Chell mwenyewe hasemi neno hata moja katika magemu yote mawili, na wanaomtania kuhusu wazazi wake ni wahusika wasioaminika hata wakisema saa ni ngapi. Kwa hiyo nadharia hii inawezekana, ni nzuri, inaupa mwisho uzito wa kuumiza. Haijathibitishwa. Mtu akiisema kama ukweli, mwulize: ni kitu gani kingekufanya uiache? Akikosa jibu, basi hashiki nadharia. Anashika matamanio.

Swali hilo, "kingeivunja nini?", ndilo kipimo bora ninachokijua, na tumelitoa moja kwa moja kwenye vyumba. Ukidhani daraja linatakiwa kupita dirishani, hubishani na mwenzako kutwa. Mnapiga tundu, mnaona. Likigonga kioo, wazo limekufa, mnatafuta jingine, wala hakuna aliyeaibika. Wachezaji haohao wanaoliacha wazo bovu ndani ya sekunde kumi chumbani wakikaa kujadili hadithi hung'ang'ania lao miaka kumi.

Ile miaka 27,000 ni mfano mzuri. Mwanzoni mwa Portal 2 Chell anaamka, na mashine inamtangazia muda aliolala: tisa, tisa, tisa, tisa, inaendelea tu na tisa zake. Mtu akaziandika kama 9,999,999, akazifanya siku, akagawa kwa siku za mwaka, akapata miaka 27,000 na zaidi. Hesabu haina kosa. Kosa liko kwenye kuisoma mashine. Fikiria mita ya gari kuukuu iliyofika tisa zote ikagoma hapo. Inakuambia gari limetembea sana na kwamba mita haina nafasi nyingine au imeharibika. Haikuambii kilomita kamili. Tangazo hilo halitaji hata kipimo, ziwe siku au saa. Tunachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba umepita muda mrefu, mrefu kiasi cha miti kuota ndani ya vyumba na kuta kubomoka, na kwamba mfumo wa maabara uliharibika. Kwa nini Chell alinusurika humo, hilo lina jibu rasmi: Valve ilitoa hadithi ya katuni, Lab Rat, mwaka huohuo wa 2011, inayoonyesha Rattmann alivyompandisha Chell hadi juu ya orodha ya majaribio kwa sababu ya ukaidi wake wa kutokata tamaa, na baadaye alivyohakikisha mitambo ya kumweka hai haizimiki.

Kuna nadharia nyingine inayowahusu wanaolijua gemu la jirani, Half-Life. Katika Half-Life 2: Episode Two ya 2007 inatajwa meli ya Aperture iitwayo Borealis, iliyotoweka pamoja na kipande cha gati yake. Kwenye vyumba vya kale vya Portal 2 kuna gati tupu na boya la kuokolea lenye jina hilo. Hapo hakuna ubishi: dunia mbili hizi ni moja. Wapi meli ilikokwenda na kwa nini, hapo ndipo nadharia zinaanza.

Turudi kwa swali la mdogo wangu. Wapo wanaosema sehemu ya watu wawili ni bonanza tu, haina hadithi, uiruke. Si kweli, na naumia kidogo kila ninaposikia hivyo. Atlas na P-body wanaonekana mwishoni mwa hadithi ya Chell, kwa hiyo tunajua sehemu yao inafuata baada yake. GLaDOS ameachiwa maabara bila binadamu wa kuwapima, naye amejitengenezea wawili wasiokufa. Na hawamtoshelezi. Kifo chao hakimwambii kitu kwa kuwa wanaundwa upya, na hilo ndilo hasa jibu la lile swali. Wakikumbatiana anawakemea, anawagawia alama kwa upendeleo wa wazi ili waoneane kijicho. Sisi wawili tulijikuta tunakumbatiana makusudi baada ya kila chumba, kumkera tu. Kumbe kila hatua alikuwa anatusogeza kwenye jambo alilolitaka tangu mwanzo: ghala kubwa lililofungwa, na ndani yake binadamu waliolazwa usingizi wa muda mrefu, safu baada ya safu. Furaha yake ilitutia baridi. Tulikuwa tumemfungulia mlango. Mdogo wangu alikaa kimya, kisha akasema, "Dada, sisi ndio tumewaua hawa." Hakuna mchezaji mmoja angeweza kuufungua mlango ule. Ushirikiano wetu ndio uliokuwa ufunguo.

Nyongeza ya bure iliyotoka Oktoba 2011, Peer Review, inathibitisha hofu hiyo: binadamu wale hawakudumu mikononi mwake. Katika nyongeza hiyo GLaDOS anawaficha roboti wake mambo mengi, ukiwemo muda uliopita. Anawatuma kumtafuta mvamizi aliyeikalia mashine ya zamani. Mvamizi ni ndege. Ndiyo, ndege, na GLaDOS anaogopa kikwelikweli, kwa sababu alipokuwa kiazi ndege alimdonoa. Walioiruka hadithi ya Chell hawalielewi tukio hilo hata kidogo. Kwa hiyo ukitaka ushauri wangu wa mpangilio: hadithi ya mchezaji mmoja kwanza, ya wawili baadaye, nyongeza mwisho. Na ukicheza na mtu aliyekwisha kulimaliza, mwombe asiseme jibu. Akae kwenye kitufe chake na kueleza anachokiona tu.

Dhana nyingine mbili nizipitie haraka. Ya kwanza, kwamba kimya cha watengenezaji ni kukubali. Hapana, kimya ni kimya. Ya pili, kwamba faili lililochimbuliwa ndani ya gemu, rekodi au picha isiyotumika, lina ukweli kuliko kilichotumika. Waandishi hukata vitu kwa sababu chungu nzima, mojawapo ikiwa kubadili mawazo. Kilichokatwa kinatuonyesha walichowahi kukifikiria. Hakituambii kilichotokea.

Je, gemu linajua linatupa ushahidi, au sisi ndio tunaosoma mno? Nilikuwa na wasiwasi huo mpaka nilipouelewa mwezi. Katika rekodi mojawapo Cave Johnson anajigamba kwamba alinunua mawe ya mwezini ya dola milioni 70 ambazo hakuwa nazo, akayasaga, akayachanganya kwenye jeli. Vumbi lile likamtia ugonjwa uliomuua, ila likagundulika kuwa linapokea matundu vizuri sana. Unalisikia, unatabasamu, unaendelea kutafuta njia. Saa kadhaa baadaye, kwenye pambano la mwisho, dari linapasuka, na angani kuna mwezi. Hakuna anayekuambia ufanye nini. Mkono unainua bunduki na kupiga, kwa sababu mahali fulani kichwani unajua mwezi umeumbwa na nini. Waandishi waliokitega kitendawili hicho kwa utulivu namna hiyo hawakuweka ubao wa Chell pale kwa bahati mbaya. Hilo halithibitishi yeye ni mtoto wa nani. Linathibitisha kwamba ubao unastahili kutazamwa.

Tulipolimaliza, nilianza upya hadithi ya Chell huku mdogo wangu kakaa pembeni yangu anatazama. Kuna mahali, mapema, vibunduki vibovu vinapelekwa kuchomwa, na kimoja kinasema kwamba chenyewe ni tofauti. Mara ya kwanza nilikipita. Safari hii akanishika mkono: "Dada, chukua hicho." Nikakiokota. Kikaanza kusema kwa sauti ndogo, kipande kwa kipande: habari ya Prometheus aliyeadhibiwa na miungu, akatupwa tumboni mwa ardhi, akadonolewa na ndege. Kwamba tusitengeneze maji ya limau, hotuba ambayo Johnson angekuja kuitoa sakafu nyingi chini. Kisha kikasema, "Jina lake ni Caroline." Hapo hakuna mhusika yeyote aliyekuwa amelitaja jina hilo bado. Tukasimamisha gemu, tukatazamana, na mdogo wangu akaenda kutafuta kalamu.